Namba Iliyokatwa Mkia

"Mimi nimefunga kizazi mama yako hajavunja ungo," Bi Tunu alikuwa anasema, kidole kimeshafika puani kwa Kabula, "halafu Karani anatangaza mbele za watu kwamba nina mimba ya wiki thelathini na mbili. Nimeipata wapi? Niambie."

"Shikamoo kwanza, Bi Tunu."

"Marahaba. Nimeipata wapi?"

"Mimba ni yangu. Kwani haionekani?" Kabula akashika tumbo kwa mikono miwili, kama mchuuzi anayemwonyesha mteja tikiti. "Nikiweka mkono hapo dirishani, Karani ananiita Bi Tunu Mhando, ananipa pole ya utu uzima. Mimi nina miaka ishirini na minne."

"Kwa hiyo umeniibia jina."

"Nani aibe jina lenye presha?"

Hapo nikaona nitoke. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wangu na kikombe cha chai tangu neno la kwanza, sifichi. Ghorofa ya tatu ina milango kumi na miwili na wenye milango yote walikuwa wamefanya kama mimi, tofauti ni kwamba wao walijifanya wanafagia. Ilikuwa saa nne asubuhi. Juu yetu turubai linalofunika mji wetu wa Kivulini lilikuwa limeanza kuvuma kama linavyovuma jua likipanda, ile sauti ya nyuki wengi walio mbali, na mwanga wa kijani ulikuwa umetanda koridoni hadi kwenye dirisha la dawa.

Kila ghorofa ina dirisha lake. Unaweka kifundo cha mkono kwenye kisahani cha shaba, Karani anaisoma kete yako ya utambulisho, anakupima presha na mapigo ya moyo, anaandika, na ikifika saa saba mchana anakutolea pakiti yako ya dawa kama unayo. Pakiti moja kwa namba moja kwa siku. Karani si mtu, ila ana sauti ya mtangazaji wa redio wa zamani, na adabu kuliko watu wengi wa ghorofa hii.

"We Sikudhani, njoo usikie," Bi Tunu akaniambia. "Wewe si ndiye fundi wao? Siku tisa kati ya hizi kumi na nne nimefika saa saba nikaambiwa dawa yangu imeshachukuliwa. Siku nilizoipata, ni nusu. Kichwa kinanigonga wiki ya tatu sasa. Huyu ndiye anayekula dawa yangu."

"Sijala," Kabula akasema. "Vile vya njano sivijui, naviweka kwenye kopo. Nachukua vya kuongeza damu tu. Na siku nyingine na mimi nafika nakuta vya damu vimekwenda."

"Nilivitupa," Bi Tunu akakiri. "Nilidhani wamekosea."

"Ulitupa damu ya mtoto wangu."

"Mgeni siku mbili, binti. Siku ya tatu hupewa jembe. Wewe una miezi miwili hapa, unanihesabia vidonge?"

Nikamwomba Kabula anionyeshe kete. Sisi wakazi tunazo chini ya ngozi, ndogo kama punje ya mchele. Yake ilikuwa kwenye uzi mwekundu aliofunga mkononi, na hapo nikaelewa kitu kimoja na kuchanganyikiwa kwa vitu vingine kumi. Kete ya uzi ni kete ya mgeni. Niliigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa imechongwa 10473.

Namba ya Bi Tunu naijua kama ninavyojua ya kila mtu hapa. Ni 1047.

Nilirudi ndani nikafunga mlango, na mtu anayenijua atakwambia mimi sifungi mlango.

*

Niseme ukweli wangu hapa, maana koridoni nilichelewa kuusema.

Miaka kumi na moja iliyopita, walipotuhamishia chini ya turubai kutoka kila upande wa nchi, hifadhidata ya Karani niliiunga mimi. Sikusoma chuo. Nilijifunza kwenye kibanda cha kutoa fotokopi, Tabora mjini, kwa mtu aliyekuwa akitengeneza mifumo ya maduka ya dawa na kula karanga juu ya kibodi. Aliponifundisha kuuliza hifadhidata maswali, alinifundisha na tabia za maswali. Mojawapo ilikuwa kujazia.

Iko hivi. Watu wa kwanza waliandikishwa kwenye karatasi, na kila mwandikishaji na mtindo wake. Huyu kaandika 47, yule kaandika 0047, mwingine kaacha nafasi mbele. Kwa mtu ni namba ileile. Kwa mashine ni watu watatu. Kwa hiyo kabla Karani hajalinganisha chochote, namba inapitia kwenye kazi ya kujazia, sisi mafundi tunaiita elpadi: unaipa namba, unaiambia unataka tarakimu ngapi, unaiambia ijazie nini kushoto. Niliiambia tarakimu nne, ijazie sifuri. Ikawa 0047, wote watatu wakawa mtu mmoja, na mimi nikapigiwa makofi.

Kitu ambacho yule mwalimu wa karanga aliwahi kunitajia mara moja tu, mdomo umejaa, ni kwamba elpadi ikipewa namba ndefu kuliko nafasi uliyoitaja, haigomi wala haiulizi. Inakata mkia. 10473 ikiingia kwenye nafasi nne inatoka 1047, safi, imenyooka, haina hata kovu.

Mimi nilihesabu. Tulikuwa watu elfu nane mia tano na sabini. Nafasi nne zinafika 9999. Nani angefika huko?

Nilihesabu watu, na humo ndimo nilimokosea. Baada ya wakazi kuandikishwa, mabalozi wa nyumba kumi kumi walipita kuhakiki kaya. Walibisha hodi, wakauliza: mko wangapi humu? Sasa wewe niambie, ni nyumba gani yetu inayojibu idadi kamili? Ukiwa na watu watano unapika cha sita. Bibi yangu alikuwa akisema anayepikia waliopo tu anamfungia Mungu mlango. Kila nyumba ikajibu waliomo, na mgeni mmoja. Mabalozi wakaandika, maana na kwao wanaandika hivyohivyo. Kaya elfu moja mia tisa na ishirini, wageni elfu moja mia tisa na ishirini. Kila mmoja akapewa namba mwishoni mwa orodha na kete kwenye bahasha, ikawekwa kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo na picha za marehemu. Mimi mwenyewe ninayo ya mgeni wangu. Nilipoipokea niliona ni jambo la kawaida kabisa.

Orodha iliishia 10490, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu wageni hao hawakuwa na miili. Kete ndani ya bahasha haiendi dirishani.

Mpaka mjomba wa Kabula, Masalu wa mlango wa saba, alipoifungua bahasha yake akamfungia mpwa wake uzi mkononi, kisha mwezi uliopita akahamia machimboni akamwachia nyumba.

Nikafungua rekodi za 1047. Siku kumi na nne tangu Kabula aanze kuweka mkono dirishani, vipimo ishirini na tatu. Presha inapanda, inashuka, inapanda, mapigo mara ya kizee mara ya kijana, na Karani, maskini, akatafuta wastani wa wanawake wawili akaona mgonjwa wake anaendelea vizuri. Ndiyo maana alipunguza dawa ya Bi Tunu. Nilitaka kuangalia kipimo kipi ni cha nani, nikakuta haiwezekani. Namba inakatwa mlangoni kabla ya kuandikwa. Ule mkia, ile 3 ya mwisho, haujahifadhiwa popote. Wala sikuweza kujua ni nyumba ngapi nyingine zilizokwisha kufungua bahasha.

Nikampigia bosi wangu, Bwana Mkude, kule ofisi ya mji. Nikamweleza nusu. Nikasema tu kwamba namba za juu ya elfu kumi zinagongana na za zamani.

"Hizo ni za nani?"

"Wageni."

"Wageni gani?"

"Wale wa kwenye sensa. Kila kaya mmoja."

Akacheka kwa kuchoka. "Yaani tuna wageni hewa elfu mbili. Sikudhani, futa zote za juu ya 9999, ni mstari mmoja. Saa saba madirisha yafunguke yakiwa safi. Nina kikao Ijumaa, sitaki kueleza baraza habari ya sahani za wageni."

"Na kama mmoja wao yupo?"

"Yupo kwa kibali cha nani?"

Akasema, "Saa saba," akakata.

Nikakaa. Ni kweli ulikuwa mstari mmoja, nikauandika kabisa, ukabaki unanitazama. Nikiupeleka, Bi Tunu anapata dawa yake kamili leo, na watu wengine arobaini na tisa wenye namba kama yake wanakuwa salama bila kujua walikuwa hatarini. Kosa langu nalo linakwenda na maji, kwa sababu taarifa itasema wageni hewa, haitasema fundi aliyehesabu nafasi nne. Gharama yake ni Kabula peke yake. Kete yake ingekuwa ushanga. Bomba lisingemjua, lifti isingemjua, zahanati isingemfungulia, na mimba ya miezi minane haingoji kibali.

Njia nyingine ilikuwa kubadili nne iwe tano. Ni tarakimu moja. Lakini Karani angeamka akakuta 01047 na 10473 ni watu wawili wenye rekodi moja, na Karani hagawi dawa kwa kubahatisha. Angeziweka kando kumbukumbu za namba zote hamsini zilizochafuka. Asiyegongana na mtu angeapa mara moja kwamba vipimo vyote ni vyake, akaondoka. Hawa wawili ingebidi waape kipimo kwa kipimo. Wakishindwa, wanaanza upya, siku kumi na nne bila dawa. Bi Tunu hana siku kumi na nne. Nilikuwa nimemwona asubuhi ile akishika ukuta.

Nilitamani mtu aniambie la kufanya. Ndipo nikakumbuka kwamba wenye miili yao wako nje wanatukanana.

*

Walikuwa wamechoka kutukana. Bi Tunu amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, Kabula ameegemea ukuta wa upande wa pili, na majirani wote bado wanafagia.

Nikawaeleza, safari hii yote. Nilipofika kwenye kukata mkia, Bi Tunu akanisimamisha.

"Nani alimwambia Karani akate?"

"Mimi. Sikumwambia akate, nilimwambia nafasi nne. Kukata ni tabia yake."

"Na nafasi nne alizisema nani?"

"Mimi, Bi Tunu."

Ufagio mmoja ukasimama, halafu fagio zote zikasimama. Sijawahi kuchukia kujaa kwa watu maishani mwangu, ila dakika ile ningependa koridoni tuwe watatu.

"Kwa hiyo ukimfuta huyu," Bi Tunu akasema taratibu, "mimi napata dawa yangu."

"Leo saa saba."

"Na yeye?"

"Hatakuwa mtu wa Kivulini."

"Na usipomfuta?"

"Mnakaa hapa, mnakumbuka vipimo ishirini na tatu, kila kimoja ni cha nani. Mkikosea, wewe unapewa dawa ya mjamzito, yeye anapewa ya mtu wa miaka sitini na mitatu. Mkishindwa, wiki mbili hampati kitu."

"Mbona unaniuliza mimi? Fundi ni wewe."

"Kichwa kinachouma ni chako. Nikichagua peke yangu ni mara ya pili nakuamulia."

Kabula alikuwa anazungusha uzi mkononi, anauzungusha tu, na nikaona anaangalia mlango wa saba kama mtu anayepanga kitakachoingia kwenye begi.

Bi Tunu alimtazama. Ana tabia ya kusukuma meno ya bandia kwa ulimi akiwa anafikiri, na alikuwa anayasukuma.

"Huyu binti simpendi," akasema mwisho. "Ana mdomo. Anapiga redio asubuhi. Lakini nifike mahali niulizwe, Tunu ulifanya nini siku ile, nijibu nilimfukuza mwenye mimba nipate vidonge? Lete hivyo vipimo."

"Na mimi sikupendi, Bi Tunu," Kabula akasema.

"Vizuri. Tusiongopeane."

Nikaketi hapohapo sakafuni, nikaibadili nne ikawa tano kwenye simu, nikapeleka. Simu ikaanza kuita muda huohuo, ilikuwa ofisi. Nikaigeuza kifudifudi sakafuni. Dirishani Karani alikatika katikati ya salamu aliyokuwa akimpa mtu, kisha akasema kwa ile sauti yake ya redio:

"Samahani wakazi. Sielewi. Namba 01047 na namba 10473, nilikuwa nadhani ninyi ni mmoja. Naomba mnisaidie."

*

Ilikuwa kazi ya ajabu. Karani anasoma siku, saa na kipimo, mwenye nacho anaweka mkono dirishani, mwingine anaridhia. Ni rahisi ukiisikia. Lakini hebu wewe niambie, Alhamisi ya wiki iliyopita, saa tatu kasoro, ulikuwa wapi?

"Jumapili, saa mbili na dakika kumi asubuhi," Karani akasema. "Mia moja na kumi kwa sabini."

"Changu," wote wakasema.

"Saa mbili Jumapili mimi natoka kanisani, misa ya kwanza," Kabula akasema.

"Misa ya kwanza inatoka saa mbili na nusu," akadakia mama mmoja wa mlango wa tisa. "Na Jumapili ile padri alichelewa."

"Basi si changu."

"Na mimi kipimo kizuri hivyo sijakiona tangu nimzike mume wangu," Bi Tunu akasema. Akawaza. "Jumapili gani hiyo?"

"Ile lifti ilipokwama na yule mkwe wa mlango wa nne ndani, na ule mkungu wa ndizi," nikasema.

"Aa. Basi Kabula alikuwepo. Alisimama hapa anacheka."

Kabula akacheka tena, kidogo. "Kweli. Siku ile sikwenda misa."

Akaweka mkono. Karani akaandika.

Hapo nikaona kazi yangu ni ipi. Wenzangu hunisema kwamba mambo ya watu ndiyo mshahara wangu wa pili, na sikatai. Nani alitoka na nani, maji yalikatika lini, nani alipika maandazi harufu ikafika mpaka chini, vyote ninavyo. Rekodi iliyokatwa mkia ilikuwa haipo kwa Karani, lakini ilikuwa imetapakaa midomoni mwa watu wa ghorofa ya tatu. Tukaiokota. Mlango wa kumi wakakumbuka Bi Tunu alikuja dirishani akiwa na kanga ya njano, siku ya kufua. Mlango wa pili wakakumbuka Kabula alitapika karibu na ngazi, Jumatano, wakamsema sana, leo wakamwomba radhi. Hadi saa sita vipimo kumi na sita vilikuwa na wenyewe.

Kisha Karani akasema, "Jumatatu iliyopita, saa moja na dakika hamsini asubuhi. Mia moja sitini na nane kwa mia moja na kumi."

"Hicho changu," Bi Tunu akasema, akainuka.

Hakuna aliyebisha. Kilikuwa kipimo cha mgonjwa, na mgonjwa wetu tunamjua. Tena kilikuwa kipimo alichokihitaji, maana kingesaidia kumrudishia dawa kamili. Kabula akatikisa kichwa kuridhia. Bi Tunu akaunyoosha mkono kuelekea dirishani.

Ila Jumatatu ile mimi naijua.

Jumapili jioni ilikuwa shughuli ya kumcheza mwali, block ya nne, kwa Mama Zaituni. Bi Tunu na Mama Zaituni hawasemezani mwaka wa tatu. Bi Tunu aliapa mbele yetu sote kwamba hatakanyaga kule hata wamtumie gari, na Jumatatu akatuambia alilala kutwa nzima anaumwa, hakufungua hata pazia. Sisi tukampa pole. Lakini mimi nina shoga yangu block ya nne.

"Bi Tunu," nikasema kwa sauti ya chini, "mkono usiuweke kwanza."

"Kwa nini?"

"Jumatatu saa moja na dakika hamsini hukuwa hapa."

"Nilikuwa nimelala ndani. Nilitoka kidogo nikapima, nikarudi kulala."

"Bi Tunu."

Tukatazamana. Aliyaelewa macho yangu. Ni mtu mzima. Nyuma yetu milango kumi na miwili ilikuwa wazi, na habari hiyo ingefika block ya nne kabla ya chakula cha mchana, nikiwemo mimi miongoni mwa watakaoipeleka. Angeweza kukana. Nisingekuwa na ushahidi wa kumpa Karani zaidi ya umbea.

"Kikiwa si changu ni cha nani?" akauliza, lakini taratibu, na katikati ya swali nikaona jibu linamfika. Akageuka akamtazama Kabula, miguu yake kwanza. Ilikuwa imevimba imepita ndara.

"Wewe binti. Kichwa kinakuuma?"

"Kidogo tu. Wanasema ni mimba."

"Unaona nyotanyota?"

"Asubuhi. Nikiinuka."

Bi Tunu akaushusha mkono. Akayasukuma meno yake mara mbili, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa koridoni, ili asirudie:

"Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa Mama Zaituni. Nililala hukohuko. Nilikuwa nacheza ngoma, tena mbele. Kipimo hicho si changu, ni cha huyu mtoto. Mwenye la kusema aseme sasa."

Mama wa mlango wa tisa alifungua mdomo, nikamkanyaga.

Kabula aliweka mkono kwenye kisahani. Sita vilivyobaki vilikwenda haraka. Viwili vya juu vilikuwa vyake pia. Tulikuwa tumevitazama wiki mbili nzima tukaviita presha ya Bi Tunu, na Karani alivitazama akavichanganya na vya Bi Tunu, na mimi, niliyechagua nafasi nne, nilikuwa nimeandika mstari wa kumfuta.

Saa saba dirisha likafunguka. "01047, Bi Tunu Mhando. Pole kwa usumbufu. Dawa yako kamili." Pakiti ikadondoka. Bi Tunu akaichukua bila kuitazama.

"10473," Karani akasema. "Vipimo vyako si vizuri, una presha ya mimba. Usitembee wala usisimame sana. Muuguzi atakufuata saa tisa kwa mwenyeji wako. Taja mwenyeji."

"Masalu, mjomba wangu," Kabula akasema.

"Masalu hayupo Kivulini. Kete ya mgeni haiwezi kukaa bila mwenyeji. Taja mwenyeji."

Kabula akanitazama mimi. Nami nikafungua mdomo niseme jina langu, ila kete ya mgeni wangu nimeshaiandikisha kwa jina la ndugu yangu ambaye hajafika, na kila kaya ni mgeni mmoja. Nikaanza kuhesabu kichwani nani kwenye ghorofa hii bahasha yake bado haina jina, sheria inasemaje, Mkude atafanya nini akijua, na simu bado inaita sakafuni. Nilikuwa sielewi tena hata kushoto kwangu.

"Taja mwenyeji," Karani akarudia, kwa adabu ileile.

"Andika mlango wa tano," Bi Tunu akasema. Alikuwa ameshaingiza mguu mmoja ndani kwake, anavua kandambili. "Mhando. Muuguzi aje hapo."

"Mgeni wako atakaa siku ngapi?"

"Hilo si swali la kumuuliza mtu mgeni akiwa anasikia." Akageuka kwa Kabula, bado na uso uleule wa asubuhi, pakiti ya dawa mkononi, akasogea pembeni ya mlango. "Unasubiri nini hapo? Umeambiwa usisimame. Kuna ugali na mlenda, na dagaa wa kukaanga. Chumvi humu ndani haijaingia tangu nimeanza kuumwa, kwa hiyo usiulize. Ingia ule."